Kamati ya Kujaza Visanduku

Vitabu vya hesabu vya darasa la pili vilikuja na visanduku vitupu.

Nimeanza na tatizo lenyewe, asije mtu akasema nilizungukazunguka. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza: 8 + 4 = □ + 5. Ndani ya kisanduku hamna kitu. Ukurasa wa pili, vivyo hivyo. Kitabu kizima kimetobolewa kama chujio, na vitabu vyenyewe vimejaa stoo yangu mpaka usawa wa dirisha, vikisubiri kupelekwa shuleni katika hali hiyo ya aibu.

Mkurugenzi wa Elimu alitukusanya uani, akasimama kwenye ngazi ya mlangoni, akatangaza.

"Ndugu watumishi, leo ofisi hii inaweka historia. Kuanzia sasa hakuna mtoto katika eneo letu atakayekabidhiwa kisanduku kitupu. Tutavijaza! Mpango huu ni mkakati, ni shirikishi na ni endelevu."

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga zaidi, kwa sababu nilikuwa mbele na alikuwa ananiona.

Asiyejua kazi za ofisi atacheka. Acheke. Sisi tuna Kanuni ya Nafasi Tupu, na kanuni hiyo ni kongwe kuliko Mkurugenzi, kongwe hata kuliko mabati ya jengo. Inasema karatasi yoyote isitoke nje ikiwa na mahali palipoachwa wazi. Ama pajazwe, ama papigwe mstari. Ilitungwa baada ya mtumishi mmoja kukuta nafasi kwenye barua ya likizo ya mwenzake, akaandika jina lake humo, akapumzika mpaka ndevu zikamfika kifuani. Tangu siku ile hatukumwachia mtu upenyo. Hata barua zetu za rambirambi zina mistari pale chini, ili asiongezwe marehemu mwingine.

Mimi hapa ofisini ni Msimamizi wa Viti. Shule niliishia darasa la tano, si kwa kufeli bali kwa kuridhika. Kiti kikitoka stoo, nimekitoa mimi. Kikirudi, nimekipokea mimi. Watu wanadharau viti, lakini nionyeshe mkutano uliofanyika bila viti ukamalizika na maazimio. Watu wakisimama, wanakwenda nyumbani.

Ukumbi wetu mdogo una meza inayochukua viti kumi na viwili, kwa hiyo kamati ikahitaji watu kumi na wawili. Wenye vyeo walikuwa wanane, kuanzia Mkurugenzi mpaka ofisa wa Takwimu na msaidizi wake, nikawapa vile viti vya kuzunguka. Kisha wakaongezwa wa kujazia: dereva, karani wa masjala, na mama tarishi anayepeleka barua. Hao nikawapa vya plastiki. Kikabaki cha plastiki kimoja. Nilipokishika mgongo ili nikirudishe stoo, Mkurugenzi akaniona.

"Mzee wa viti, unafanya nini?"

"Natoa kiti, mheshimiwa. Hakina mtu."

"Hakina mtu," akarudia taratibu, akiwatazama wenzake mmoja mmoja. "Ndugu wajumbe, hii siyo nafasi tupu kweli?"

Wakakubaliana kwamba ni nafasi tupu. Kukipiga kiti mstari kungekuwa kuharibu mali ya umma. Basi nikaambiwa nikae.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye uongozi wa hesabu.

Kikao cha kwanza kilishughulikia kisanduku cha kwanza. Mkurugenzi aliiandika ile hesabu ubaoni kwa mkono wake, akageuka.

"Nane na nne?"

"Kumi na mbili!" tukajibu kwa pamoja. Hakuna raha kama kujua kitu mbele ya bosi.

"Jaza kumi na mbili. Tunaendelea."

Lakini alikuwapo ofisa mmoja kijana wa Takwimu, mwenye shati la kubana na maswali. Akainua kalamu. "Samahani, mheshimiwa. Pembeni kuna tano imebaki."

"Imebaki wapi?"

"Pale. Baada ya kisanduku. Kuna kujumlisha tano."

Tukaukodolea ubao macho. Ni kweli, tano ilikuwapo. Mkuu wa Vifaa alisema ni uzembe wa wachapaji. Mkuu wa Utamaduni alisema ni pambo. Mkuu wa Mipango, mtu mwenye tumbo la busara, alisema hiyo tano ni ya akiba, kwa kuwa hakuna mpango mzuri usio na akiba. Ikapigiwa kura. Ikashinda akiba.

"Lakini ile alama ya ni sawa na..." kijana akaanza tena.

"Kijana," Mkurugenzi akamkata, kwa upole wa mtu anayekuweka akilini kwa ajili ya baadaye. "Hiyo alama ni kama mlango wa ofisi yangu. Kazi inaingia upande huu, jibu linatoka upande ule. Umewahi kusikia mlango unauliza?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Haya. Kwa kuwa una macho makali, wewe na msaidizi wako mtakuwa kwenye kikosi cha kuandika."

Ukurasa wa shanga haukutusumbua. Zilichorwa shanga zimepangwa: nyekundu, bluu, nyekundu, bluu, nyekundu, halafu kisanduku. Mkuu wa Mipango akasema kijani. Mama tarishi akauliza kwa nini kijani.

"Kwa sababu haijawakilishwa," akajibu. Ikapita bila kupingwa.

Kazi ilianza. Kikosi cha kuandika kilikuwa na watu watano: yule kijana wa Takwimu, msaidizi wake, dereva, karani wa masjala na mama tarishi. Waliandika kwa wino usiofutika, kama kanuni inavyotaka, wino wa bluu ambao ukigusa kidole unakaa nacho kama shemeji asiye na kazi. Sisi saba tuliobaki tulisimamia. Mkurugenzi alisimamia zoezi. Mkuu wa Mipango alisimamia ratiba ya zoezi. Mkuu wa Vifaa alisimamia kalamu, Mkuu wa Utamaduni alisimamia ari, na wengine wawili kila mmoja alimsimamia mwenzake. Mimi nilisimamia viti.

"Mzee, shika kalamu basi," dereva akanililia. "Vidole vyangu vimekufa."

"Ndugu yangu, nikishika kalamu, nani ataangalia viti?"

"Kwani viti vinakimbia?"

"Havijawahi kukimbia hata siku moja. Unadhani ni kwa nini?"

Akarudi kuandika kumi na mbili.

Sasa niseme jambo la nyumbani, kwa sababu ndilo lililotuletea moto. Mwalimu wa darasa la pili katika shule iliyo jirani na ofisi ni mdogo wangu wa kike, na tunakaa nyumba moja. Na binti yangu wa mwisho, tunayemwita Kibiriti kwa kuwa ana kichwa kidogo na anawaka upesi, yuko kwenye darasa lake. Shuleni anamwita Mwalimu. Wakivuka kizingiti cha nyumba anamwita Shangazi, na anaanza kumbishia.

Jioni vitabu vilipofika shuleni, mdogo wangu alirudi na kimoja. Tulikuwa mezani. Akakifungua mbele ya sahani yangu.

"Kaka, nani kaandika kumi na mbili hapa?"

"Kamati."

"Na wewe umo?"

"Mimi ni mjumbe," nikasema, nikakaa vizuri.

"Mungu wangu." Akamgeukia mke wangu. "Wifi, unalisha mjumbe humu ndani."

"Mimi nilijua ni mtu wa viti tu," mke wangu akajibu.

Mdogo wangu akamtuma Kibiriti alete waya. Waya wenyewe ni ule wa kutundikia shati. Amefunga kopo huku na kopo huku, makopo madogo ya maziwa, na katikati ameufunga uzi, ambao Kibiriti aliutundika kwenye msumari wa dirisha. Ndiyo mizani yake. Mawe yake ni vizibo vya soda. Ukiona vifaa vya kufundishia vya namna hiyo unaelewa kwa nini nchi zinahitaji ofisi.

"Kushoto weka nane, ongeza nne," akasema. Kibiriti akaweka vizibo. Kopo la kushoto likashuka. "Kulia weka tano. Sasa kisanduku kinataka vingapi ili waya ulale sawa?"

"Saba, Shangazi."

"Mbona hujaweka hata kimoja? Umejuaje?"

"Tano imeipita nne kwa moja," akasema Kibiriti huku anatafuta nyama kwenye sahani yangu. "Basi kisanduku nacho lazima kipitwe na nane kwa moja. Si ndiyo? La sivyo upande mmoja unaonewa."

Akaweka saba, kimoja kimoja, ili kunionyesha mimi. Waya ukalala sawa kama mstari wa fundi.

Nilisikitika. Mtoto amefika kwenye jibu bila kupita kwenye hesabu. Ni sawa na mtu kuingia kwa Mkurugenzi bila kupita kwa katibu wake. Nikamwambia mdogo wangu kwamba anafundisha utovu wa nidhamu.

"Nawafundisha kutazama pande zote mbili kabla ya kufungua mdomo, kaka. Hiyo alama haisemi 'toa jibu'. Inasema huku na huku ni kitu kimoja. Mtoto akilishika hilo sasa, huko mbele hesabu haitamtisha. Asiposhika, atakuwa mjumbe."

Kibiriti alikuwa ameniegemea begani. "Baba, kwenye hiyo kamati mko wangapi?"

"Kumi na wawili. Wakubwa nane, na wanne sisi wa kujazia."

"Na mnaandika wote?"

"Wanaandika watano."

"Na nyinyi wengine?"

"Tunasimamia."

"Mnasimamia nini?"

"Kula, mwanangu," nikamwambia. Akala, lakini alikuwa anatazama waya.

Kesho yake mdogo wangu aliiandikia ofisi barua ya heshima kabisa, kwamba kitabu kimekosea, kisanduku ni saba, na shanga ni bluu. Mkurugenzi aliisoma akiwa amesimama, jambo ambalo hafanyi. Kitabu kina muhuri. Kitu chenye muhuri kikitofautiana na waya wa shati, kosa liko kwenye waya. Ikaazimiwa kwamba mwalimu asaini hati ya kukubali kufundisha kumi na mbili kwa moyo mweupe. Asiposaini, anatolewa darasani na kuhamishiwa stoo, chini yangu.

Nilimpelekea habari hizo mwenyewe, nikidhani nampelekea habari nzuri.

"Stoo ni pazuri," nikamwambia. "Kuna kivuli. Nitakufundisha viti mwenyewe, kuanzia vya plastiki."

Hakucheka. Alikuwa anakata karatasi za watoto wake, mkasi ukasimama hewani. "Kaka, wale watoto niliwapokea wanahesabu vidole. Sasa wananiuliza, 'Mwalimu, na ikigeuzwa?' Unajua ni kazi kiasi gani kumfikisha mtoto pa kuuliza 'na ikigeuzwa'? Nikitolewa pale, atakuja mtu wa kuwaambia kumi na mbili, na watasema ndiyo. Basi. Itakuwa imeisha."

"Saini tu. Halafu fundisha unavyotaka."

"Nikisaini kumi na mbili, Kibiriti atanitazama vipi?"

Mke wangu, aliyekuwa anapepeta mchele mlangoni, alinijibia. "Wewe mhamishe mdogo wako stoo uone. Chakula cha humu ndani utakisimamia mwenyewe."



Wakati huohuo Makao Makuu yalitangaza kwamba Mkaguzi Mkuu anakuja kututembelea. Ni mama mmoja mfupi, asiye na haraka, ambaye watu wanasema anapenda biskuti na hapendi hotuba. Alikwisha kutuletea swali siku nyingi kabla ya hapo, karatasi yenye sentensi moja: "Ofisi yako inaweza kufanya kazi bila watu wangapi?" na nafasi ya kujaza mbele yake. Mkurugenzi aliipiga ile nafasi mstari safi kwa rula, akairudisha. Kanuni ni kanuni.

Sasa Mkurugenzi aliona ujio huo ni bahati. Alikuwa anaunyemelea ukubwa wa Makao Makuu kama paka anavyonyemelea jiko. Akaamua kwamba kesi ya mwalimu isikilizwe darasani kwenyewe, mbele ya mgeni, ili aone jinsi tunavyokaza kamba. Akaniagiza nipeleke viti vyote kumi na viwili. Nilivibeba mimi na dereva, tukavipanga ukutani, vinane na vinne, kwa mstari ulionyooka. Darasa lilikuwa dogo, lenye madawati ya watoto watatu watatu, ubao uliopauka, na ule waya wa nyumbani, sasa umetundikwa kwenye msumari wa dirisha la darasa. Watoto wakasimama, wakaimba salamu, wakaketi.

Mama Mkaguzi hakutaka kiti. Alisukumana kidogo na watoto wawili akakaa kwenye dawati lao. Nilihuzunika.

Mkurugenzi akaweka hati kwenye meza ya mwalimu na kalamu juu yake. "Mwalimu, mbele ya mgeni wetu, saini kwamba nane na nne ni sawa na kumi na mbili na tano."

"Nitasaini, mheshimiwa," mdogo wangu akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, na mikono ameificha nyuma. "Ila waya ukikubali."

"Waya?"

"Ule pale. Weka mwenyewe, tafadhali."

Mkurugenzi si mtu wa kuogopa waya. Akahesabia vizibo kwenye kopo la kushoto, nane, kisha nne, kwa sauti, na watoto wakamsaidia. Kulia akaweka kumi na viwili, akaongeza vitano vya akiba. Kopo la kulia likaanguka pwaa mpaka likagonga ukuta. La kushoto likapanda juu kabisa, likabaki linapepesuka.

Watoto wakacheka. Si kwa kejeli. Walicheka kama mtu anavyocheka mtu mzima akivaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto.

"Waya huu uliidhinishwa na nani?" Mkurugenzi akauliza.

"Ni wa shati, mheshimiwa."

"Basi ndiyo maana. Haukupata mafunzo." Akanyoosha kidole kimoja, akakiweka chini ya kopo la kulia, akaliinua taratibu mpaka waya ukalala sawa. Akatugeukia akitabasamu. "Mnaona? Ulihitaji usimamizi tu."

Tukapiga makofi, wajumbe wote. Niseme ukweli, ilipendeza.

"Na ukitoa kidole?" Mama Mkaguzi akauliza kutoka dawatini.

"Kwa nini nikitoe, mheshimiwa?"

"Shule ziko nyingi. Kila shule itapata kidole?"

"Vidole viko kwenye awamu ya pili."

Mama Mkaguzi akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Akafungua mkoba, akatoa biskuti, akawagawia wale wawili wa pembeni yake. Mkurugenzi hakuweza kurudi kwenye kiti chake, kwa maana kila akitaka kusogea waya ulikuwa unamsaliti. Akabaki dirishani, kidole chini ya kopo, mkono wa pili mfukoni, uso wa mtu aliyejitolea.

"Watoto," Mama Mkaguzi akasema, "mimi hesabu za namba tupu zinanichosha. Nani atanipa hadithi ya hesabu hii? Iwe ya kweli. Nane na nne upande mmoja, kisanduku na tano upande mwingine."

Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Kibiriti. Nikamkonyeza. Nikatikisa kichwa. Nikashika sikio langu, ishara ambayo nyumbani anaijua vizuri. Akanitazama, akainua na mkono wa pili.

"Haya, mama. Wewe."

Kibiriti akasimama juu ya dawati ili aonekane. "Kwenye ofisi ya baba kuna kamati. Kuna wakubwa nane na wadogo wanne. Hao ni huku." Akaonyesha kushoto. "Huku kwingine ni watu walewale, ila nimewapanga vingine. Kuna watano wanaoandika. Halafu kuna kisanduku."

"Kwenye kisanduku kuna nini?"

"Wanaosimamia."

"Wako wangapi?"

Kibiriti aliligeukia darasa, kama shangazi yake anavyofanya, akasubiri.

"Saba!" darasa zima likajibu.

Mdogo wangu akafumba macho.

"Huyu mtoto kafundishwa!" Mkurugenzi akasema.

"Naona," Mama Mkaguzi akasema. "Hebu, wajumbe. Nyoosheni mikono. Viganja juu."

Tulinyoosha. Wino wetu, kama nilivyosema, ni usiofutika. Kijana wa Takwimu, bluu. Msaidizi wake, bluu. Dereva bluu mpaka kwenye kiwiko. Karani bluu. Mama tarishi bluu na doa shavuni. Mikono mingine yote ilikuwa misafi kama ya bwana harusi. Mkurugenzi akatoa mkono ule wa mfukoni. Ulikuwa msafi na una manukato. Yangu niliigeuza juu na chini, nikitumaini labda upande wa pili kuna kitu.

"Mheshimiwa, hii ni hujuma ya mwalimu huyu!" Mkurugenzi akapaza sauti, akamnyooshea mdogo wangu kidole.

Ndicho kidole chenyewe.

Kopo likaanguka, uzi ukakatika, na vizibo ishirini na tisa vikatawanyika sakafuni hadi chini ya viti vya kuzunguka. Watoto wakapiga mbizi kuviokota. Kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kusikilizwa.

Kulipotulia, Mama Mkaguzi alikuwa na karatasi mkononi. Niliitambua kwa ule mstari wa rula. "Nilikuuliza swali. Ukaniletea mstari."

"Kanuni, mheshimiwa. Nafasi isiachwe wazi."

"Kanuni nzuri. Sasa haitakuwa wazi." Akaazima kalamu ya mtoto wa pembeni, akaandika juu ya ule mstari. Sikuona alichoandika, ila kalamu ilikwenda kulia mara moja, ikashuka kwa mshazari mara moja, ikaisha.

Kisha akachukua ile hati mezani, akaikunja mara nne, akamkabidhi mdogo wangu aitie chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. "Mwalimu, endelea na kipindi. Nilikuwa nataka kujua za shanga."

Mdogo wangu akageukia ubao. Chaki ikaanza kwenda. Yuko darasani mpaka leo, na Kibiriti anaendelea kumbishia.

Sisi saba tulipewa kazi moja kabla ya kuondolewa kazini: kukata vipande vyeupe vya karatasi na kubandika juu ya kila kumi na mbili na kila shanga ya kijani, kisanduku kwa kisanduku, kitabu kwa kitabu, mpaka vyote viwe vitupu tena. Tulikaa stoo, sakafuni, tukibandika. Gundi inaingia kwenye kucha. Mkurugenzi alikuwa kando yangu, amekunja mikono ya shati, na nitamtendea haki, alibandika vizuri. Kufikia kitabu kimoja hivi, akasita na ukurasa wa kwanza mkononi, akautazama sana.

"Mzee wa viti," akaniambia kwa sauti ya chini. "Hivi ile tano ilikuwa ya nini?"

"Ya kufanya kazi, mheshimiwa."

Akabandika kile kisanduku, akachukua kitabu kingine.

Ukumbi mdogo sasa una watu watano. Mezani pamebaki mapengo, na hakuna aliyeyapiga mstari. Kila mmoja anajibebea kiti chake, anakirudisha mwenyewe akimaliza. Watu watano wenye viti vitano hawahitaji msimamizi. Hilo niliambiwa kwa heshima, na yule kijana wa Takwimu, nikiwa nimesimama.

Kwa hiyo gharama ya zoezi zima naiandika kama ilivyo, bila chumvi. Viti vilivyotoka stoo: vinane vya kuzunguka na vinne vya plastiki. Vilivyobaki ukumbini: vitano. Vilivyorudi stoo: saba. Sita ni vya kuzunguka. Kimoja ni cha plastiki, changu.